Rusumo 1994 mpaka leo: kumpokea mkimbizi tunajua, kumwacha aishi ndiko kunatushinda

#1 · Mtoto wa Rusumo

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke alama arudi jioni.

Nimesukumwa na mabishano yanayoendelea humu tangu mwanzoni mwa 2025, Goma, mashariki mwa Congo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na Wakongo wakaanza kuuvuka mto Rusizi kuingia Burundi. Ndani ya wiki chache walikuwa wameshapita 60,000, wengine wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kule Cibitoke. Humu kila mtu ana hukumu yake. Huyu anasema mpaka ufungwe, yule anasema wawekewe uzio, mwingine anasema warudishwe tu. Mimi nimezaliwa Ngara, mkoani Kagera, kijiji kisicho mbali na barabara ya Rusumo iendayo mpakani na Rwanda. Haya mambo sikuyasoma, yalipita mlangoni kwetu, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Alhamisi tarehe 28 Aprili 1994 nilikuwa darasa la tano. Tulitoka shule mchana tukakuta lami imefunikwa na watu, huoni inapoanzia wala inapoishia. Walikuwa wanatokea Kibungo, Rwanda, ambako mauaji ya kimbari yalikuwa yanaendelea, wakikimbia majeshi ya waasi wa RPF yaliyokuwa yanasogea kusini. Ndani ya saa 24 waliovuka daraja la Rusumo walikadiriwa kufika 250,000. UNHCR wenyewe, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walisema hawajawahi kuona umati mkubwa namna ile ukivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Wilaya yetu nzima, kwa sensa ya 1988, ilikuwa na watu kama 160,000. Hebu fikiria: unaamka wenyeji mko wengi, unalala mmekuwa wachache kwenu wenyewe.

Kinachonishangaza hadi leo ni ukimya. Watoto hawalii, mbuzi hawalii. Unasikia nyayo tu, na sufuria zikigongana vichwani. Askari wetu pale darajani waliwaamuru waache silaha kabla ya kuingia, na baba, aliyekwenda kutazama, alikuta lundo la mapanga, marungu na mikuki limefika kiunoni. Chini ya daraja Kagera ilikuwa inapitisha maiti. Maiti hizo zilikwenda mpaka Ziwa Victoria, Waganda wakawa wanazizika ufukweni upande wa Rakai, na kanda ya ziwa watu wakaacha kula samaki.

Jioni ile mama alikuwa na shamba la maharage nyuma ya nyumba, yalikuwa yanatoa maua. Tuliamka asubuhi tukakuta halina jani. Wamechuma yote, wamechemsha, wamekula, wamelala kati ya migomba. Mama alisimama pale na kanga yake mabegani, akaangalia shamba, akawaangalia watoto wao. Akasema neno moja kwa Kihangaza ambalo kwa Kiswahili ni "yatachipua". Akaingia ndani akakoka moto.

Naomba mlielewe hili kabla ya mengine yote: wa kwanza kumpokea mkimbizi ni mtu wa kijijini. Siku tatu za kwanza serikali haijafika, malori ya UNHCR hayajafika. Kihangaza na Kinyarwanda vinasikilizana, kwa hiyo hata mkalimani hatukumhitaji. Mtu alikuwa anaomba maji kwa lugha ya bibi yangu.

Baadaye ndipo ikazaliwa Benaco. Jina lenyewe ni la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga ile barabara, kambi ikawekwa kwenye eneo lao la zamani. Kwa wiki chache watu walikuwa wanasema ndio mji wa pili kwa ukubwa Tanzania baada ya Dar es Salaam, na hawakutia chumvi. Zikafuata Lumasi na nyingine, na Warundi nao walikuwa Lukole.

Naendelea chini.

#2 · Mtoto wa Rusumo

Sasa niseme jambo lililonileta.

Nchi jirani tunapimwa kwa siku ya kwanza: ulifungua mpaka au ulifunga? Kipimo hicho ni kifupi mno. Siku ya kwanza Tanzania karibu kila mara tumefaulu. Tunakwama siku ya elfu moja, pale mtu ameshapona miguu, ana mikono miwili, na sisi tumemkataza kulima, kuuza na kutembea. Kisha tunamlaumu kuwa ni mzigo.

Na si kwamba hatukuwahi kujua njia nyingine. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji ya Wahutu chini ya serikali ya Micombero, na wapatao 150,000 hivi wakaja kwetu. Serikali ya Mwalimu haikuwaacha mpakani. Iliwapeleka ndani kabisa: Ulyankulu kule Tabora, Katumba upande wa Mpanda, baadaye Mishamo. Palikuwa pori la miombo lenye mbung'o. Kila familia ikakatiwa shamba, ikapewa jembe na chakula cha kuanzia, ikaambiwa lima. Baada ya miaka michache wakawa wanajilisha, kisha wakawa wanatulisha na sisi. Mahindi, muhogo, tumbaku. Mwaka 1983 Mwalimu akapewa medali ya Nansen, ile ya UNHCR.

Linganisheni na 1994. Kambi ziko mwendo wa mguu kutoka mpakani. Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 kuhusu wakimbizi, ambao sisi ni wanachama wake, unasema wazi kwamba kwa ajili ya usalama wakimbizi wakalishwe umbali wa kuridhisha kutoka mpaka wa nchi waliyokimbia. Wale Warundi wa 1972 tulilifuata hilo. Wale wa 1994 hatukulifuata, Zaire nayo haikulifuata, na matokeo yake mnayajua.

Ndani ya Benaco kulikuwa na wauaji wamejichanganya na wanawake na watoto. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa bwana mkubwa wa wilaya kule Rwanda, alikuwa pale. Juni 1994 ilipotakiwa atolewe kambini, maelfu ya watu waliwazingira wafanyakazi wa misaada. Mahakama ya Arusha, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, ilikuja kumtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2011. Lakini kwa muda ule alikuwa anakula posho ileile na yatima.

#3 · Mwisho wa Reli

Mkuu Mtoto wa Rusumo, umenirudisha mbali. Mimi niko Kigoma, naomba niongeze ya huku kwetu, maana Ngara ikitajwa sana watu wanadhani Kigoma tulikuwa tunatazama.

Mei 2015, baada ya vurugu za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza wa Burundi, Warundi walishuka Kagunga. Asiyepajua: ni kijiji kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, barabara ya gari hakuna. Unafika kwa boti au kwa miguu kupitia mlimani. Wakajaa pale makumi ya maelfu kwenye ule ukanda wa mchanga. Choo hakuna, maji ni yaleyale ya ziwa. Kipindupindu hakikuchelewa.

Mimi nilikuwa na mtumbwi wa injini. Gati hakuna pale, kwa hiyo Liemba ilikuwa inasimama nje, na sisi wenye mitumbwi tunawabeba watu kutoka ufukweni kuwapeleka ubavuni mwa meli. Mnajua Liemba ni meli ya Wajerumani ya 1913, imepigana vita ya kwanza ya dunia, imezamishwa, imeibuliwa. Safari moja inachukua watu 600 hivi. Inakwenda Kigoma mjini, inashusha, watu wanapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, meli inarudi tena.

Kuna mzee mmoja nilimbeba mgongoni kutoka mchangani. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Nilipomweka kwenye mtumbwi akaniambia kwa Kirundi, nasi Waha tunakielewa vizuri, kwamba hii ni mara yake ya tatu kuvuka. Alivuka 1972, akarudi. Akavuka 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa, akarudi. Sasa 2015. Akaniuliza kama kambi ya Mtabila bado ipo. Nikashindwa kumjibu. Mtabila ilifungwa mwisho wa 2012, na watu kama 35,000 walirudishwa Burundi. Miaka miwili na nusu tu baadaye yeye yuko kwenye mtumbwi wangu.

#4 · Kamanda Mstaafu

Nimesoma kwa utulivu. Mwandishi ana uchungu wa kweli na simdharau. Ila nilifanya kazi ya usalama ukanda huo miaka mingi, na kuna upande wa pili ambao msipousema mtakuwa hamjawatendea haki wananchi wa Kagera na Kigoma.

Mabasi ya Biharamulo, Kibondo, Kasulu yalikuwa yanatembea kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Watoto wa leo hawalijui hilo. Silaha za vita za nchi mbili ziliingia, na watekaji walikuwa wanasubiri kwenye pori. Wananchi wamekufa. Misitu iliyozunguka kambi ilikatwa kwa kuni mpaka wanawake wakawa wanatembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja. Walimu na wauguzi wa serikali waliacha kazi kwenda kuajiriwa na mashirika yaliyolipa mara kadhaa ya mshahara wao, zahanati zetu zikabaki na mhudumu mmoja. Bei ya ndizi na nyumba za kupanga ikapanda, wakati mahindi ya posho yaliyouzwa nje ya kambi yakamwangusha mkulima wetu bei.

Serikali ya Burundi nayo ilikuwa inatushutumu kwamba waasi wanajipanga kwenye kambi zetu. Nchi inaweza kuingizwa vitani kwa jambo kama hilo. Mwisho wa 1997 jeshi lilipowakusanya Warundi wote waliokuwa nje ya kambi, haikuwa chuki.

Kwa hiyo nauliza, tena kwa heshima: ungekuwa wewe Desemba 1996, unaona Wanyarwanda wa Zaire wameshaanza kurudi kwao kwa mamia ya maelfu, wa kwetu wamezuiwa na viongozi wao wasirudi, ungefanya nini?

#5 · Mzawa wa Katumba

Shikamoo Kamanda. Naomba nijibu kipande kimoja tu, cha 1997, kwa kuwa kinatuhusu.

Mimi nimezaliwa Katumba mwaka 1979, wazazi wangu walikuja 1972. Katumba yenyewe haikuguswa ule mwaka 1997, lakini ndugu wa baba walikuwa wanaishi kijijini mkoani Kigoma tangu 1972, wameoa hapo, wamezika hapo, wamelipa kodi ya kichwa kama kila mtu. Askari waliwakuta shambani, wakawachukua kama walivyo. Shangazi yangu alipelekwa kambini na mumewe Mtanzania akabaki na watoto. Sitaji kambi wala askari. Najua mlikuwa na amri na mlikuwa na hofu ya kweli. Lakini aliyekwenda kufungiwa alikuwa mama wa miaka hamsini mwenye shamba la mihogo, na waliokuwa na bunduki porini hawakusubiri kukusanywa.

Kuhusu Katumba, mwandishi amesema kweli ila amepaka rangi nzuri kidogo. Tulilima, ndiyo. Lakini kutoka nje ya makazi ulihitaji kibali. Baba alikuwa na gunia arobaini za mahindi na hawezi kwenda kuuza Tabora bila karatasi iliyogongwa mhuri, na karatasi ina siku zake. Wafanyabiashara walikuwa wanajua hilo, wanakuja kununua kwa bei yao. Mimi nimesoma shule ya msingi nikiimba wimbo wa taifa kila asubuhi, halafu darasa la saba nikaambiwa mimi ni mkimbizi. Sikuwa nimekimbia popote.

Mwaka 2007 ndipo serikali ikatuuliza: mnarudi Burundi au mnaomba uraia? Zaidi ya watu 160,000 kati yetu tukachagua Tanzania. 2010 tukaambiwa mmekubaliwa, lakini vyeti hamtapewa mpaka mhame hapa mkatawanyike mikoa mingine. Miaka minne tukakaa hivyo, Burundi si kwetu tena na Tanzania bado. Watu waliogopa kupanda mwembe, maana mwembe ni wa mtu anayekaa. Oktoba 2014 Rais Kikwete ndiye aliyeanza kugawa vyeti, sharti la kuhama likawa limelegezwa. Baba alikipokea akiwa na miaka 71. Alikiweka kwenye bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya sanduku la bati. Kila mgeni akija anafungua vyote vitatu.

Sijui nchi nyingine iliyowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi namna ile kwa pamoja. Nalisema hili kwa fahari kwa sababu ni nchi yangu.

#6 · Mama Nyiragongo

Ndugu zangu wa Tanzania, mimi ni wa Goma, sasa naishi Uganda, kambi ya Nakivale. Kiswahili changu ni cha kwetu, mtanisamehe.

Kamanda anasema Wanyarwanda wa Zaire. Mimi niliwaona wakiingia. Julai 1994, ndani ya siku nne au tano, watu karibu milioni moja walipita kwenye mji wetu. Serikali ya Mobutu haikuwa na kitu cha kuwapa. Kule Ngara kuna udongo, unaweza kuchimba choo, unaweza kuchimba kaburi. Kwetu ni mawe ya volkano. Jembe linaruka. Kipindupindu kilipoanza watu walikufa kama 50,000 kwa mwezi mmoja, na kwa sababu hapachimbiki, walizungushiwa mikeka na kuwekwa kando ya barabara, malori yakipita kuokota. Nilikuwa na miaka tisa, mama alinifunga macho kwa kitenge tukienda sokoni. Harufu kitenge hakizuii.

Halafu jeshi la zamani la Rwanda likakaa kambi ya Mugunga na bunduki zake, na wale waliotoa misaada wakawa wanalisha jeshi. Novemba 1996 vita ikaja kuvunja kambi, na tangu wakati ule Kivu haijapata usingizi. Vita vya M23 peke yake: 2012, 2022, 2025. Mimi mwenye nyumba nikawa mkimbizi kwa sababu ya namna wakimbizi walivyowekwa mlangoni kwangu. Kwa hiyo mtu akisema umbali wa mpaka ni jambo la makaratasi, aje aniulize.

Uganda hapa walitupa kiwanja na ruhusa. Sheria yao ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi na kutembea. Nina cherehani, nina wateja Waganda, naenda Mbarara bila kuomba mtu. Kiwanja kinazidi kuwa kidogo, hilo kweli. Kule Bidi Bidi, walipoingia watu wa Sudan Kusini 2016, familia ilipewa mita 30 kwa 30, hapo huwezi kulisha watoto sita. Na posho ya WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, imekatwa na kukatwa tena. Lakini siku posho ilipokatwa mimi nilikuwa na cherehani. Jirani yangu aliyetoka Nyarugusu, kambi ya kule Kigoma, ananiambia kule ilipokatwa hawakuwa na kitu, soko limefungwa, nje ya kambi huruhusiwi.

#7 · Mwisho wa Reli

Dada Mama Nyiragongo amesema la Nyarugusu, nithibitishe. Soko la pamoja lilikuwa linatusaidia sisi wenyeji pia. Mama wa Kasulu anapeleka dagaa na mawese, anarudi na sabuni na unga. Mwaka 2017 ule mpango wa kuwapa wakimbizi hela taslimu badala ya chakula ukasimamishwa. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ikajitoa kwenye ule mpango wa kimataifa wa kuwashirikisha wakimbizi kwenye maendeleo, sababu zikitajwa mbili, usalama na fedha kutokuja. Baada ya hapo masoko nayo yakabanwa. Waliolia wa kwanza ni wafanyabiashara wetu wa Kibondo na Kakonko.

Na kuhusu fedha serikali ilikuwa na hoja. Wakimbizi kama 7 kati ya 10 duniani wanaishi nchi jirani na kwao, na jirani huyo mara nyingi ni maskini. Wenye nazo wako mbali, wanatuma pongezi. Sikatai kabisa kwamba tuliachiwa. Nakataa dawa tuliyoichagua. Ukikosa fedha za kumlisha mtu, kinachofuata ni kumfungulia mlango ajilishe. Sisi tukafunga na mlango.

#8 · Kamanda Mstaafu

Mzawa wa Katumba, marahaba. Nimelisoma la shangazi yako mara mbili. Pole sana. Sitasema zaidi, kwa sababu nilikuwa kwenye zoezi lile na nawajua wengine kama yeye.

Ila swali langu la 1996 halijajibiwa.

#9 · Mtoto wa Rusumo

Kamanda, nilikuwa sikwepi, nilikuwa natafuta namna ya kulijibu bila kukukosea heshima.

Tuliweke wazi kwa wasiojua. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali na UNHCR walitoa tangazo la pamoja: Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo 31 Desemba. Siku 26. Viongozi wa kambi wakawashawishi watu wakimbilie ndani ya Tanzania, na tarehe 12 makambi yakaamka yakielekea mashariki. Walipita kwetu usiku, safari hii wakitupa mgongo. Siku mbili baadaye wakarudi barabara ileile, safari hii na askari ubavuni. Mpaka mwaka unaisha karibu nusu milioni walikuwa wameshavuka Rusumo kurudi.

Ningefanya nini? Nakiri hofu ya serikali ilikuwa ya haki. Tulikuwa tumeachwa. Ule mkataba wa OAU unasema nchi ikizidiwa inaweza kuziomba nchi nyingine za Afrika zimpunguzie mzigo, nazo zimpunguzie. Ziko wapi zilizochukua hata malori kumi ya watu? Hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Lakini mkimbizi anapimwa mmojammoja. Wauaji wangetengwa mwaka 1994, pale pale penye lundo la mapanga, na waliobaki wangepelekwa mbali na mpaka kama tulivyowapeleka Warundi wa 1972. Hilo tukalikosa kwa miaka miwili, kisha tukataka kulimaliza kwa siku 26. Aliyekuwa na damu mikononi na aliyekuwa na mtoto mgongoni wakapewa tarehe moja. Wapo waliotaka kurudi, tena wengi, na waliorudi wakakuta mashamba yao. Wapo pia waliokuwa na sababu za kweli za kuogopa, na hao hatukuwauliza. UNHCR ikaweka sahihi yake hapo, na nadhani ni moja ya sahihi zilizowagharimu jina.

Sasa niwaambie la kwangu, maana nimelibeba muda mrefu.

Kuna kijana wa Benaco alikuwa anakuja kutulimia. Mwembamba, mpole, alikuwa na kovu sikioni. Kwa sheria hakuruhusiwa kuwa nje ya kambi kufanya kibarua, lakini kila mtu alifanya na kila mtu alijua. Ndiye aliyepanda upya migomba yote ya upande wa mtoni baada ya ile ya kwanza kukanyagwa. Alikuwa hachimbi shimo bila kupima kwa hatua, mpaka leo ile migomba imekaa kwenye mistari. Mama alikuwa anamlipa kila Jumamosi. Jumatano ya ile wiki na siku iliyofuata hakuja, na alikuwa anatudai siku mbili.

Tulimwona siku wanarudishwa. Mama alikuwa amesimama kando ya barabara tangu asubuhi, hela ameishika mkononi ndani ya kitambaa. Alipomwona akaita. Kijana akageuka, akataka kutoka kwenye mstari, askari akamsukuma arudi. Hakumpiga, alimsukuma tu. Mama akajaribu kumfuata kwa upande wa pembeni, watu walikuwa wengi, akapotea machoni.

Sisemi alikuwa malaika. Sijui alifanya nini Kibungo kabla ya kuja. Hakuna aliyemuuliza, na ndicho ninacholalamikia.

#10 · Mzawa wa Katumba

Uliwahi kumtafuta?

#11 · Mtoto wa Rusumo

Mama alifariki 2011. Kile kitambaa alinipa mimi, hela za wakati ule, noti ambazo hata dukani hazipokelewi sasa.

Mwaka 2017 nilikuwa na shughuli ya mizigo, nikavuka Rusumo kwa lile daraja jipya. Kituo cha forodha sasa ni cha pamoja, unagongewa mhuri mara moja, malori yamepanga foleni, wauza chapati kila mahali. Benaco nayo leo ni stendi ya madereva, nyumba za kulala wageni na nyama choma. Nikashuka Kirehe, nikakaa siku moja nikiuliza. Nilikuwa na jina lake moja la ubatizo, na jina hilo wanalo nusu ya wanaume wa pale. Nikasema ana kovu sikioni. Mzee mmoja akanitazama sana, akaniuliza sikio la kushoto au la kulia.

Nikashindwa kukumbuka.

#12 · Kamanda Mstaafu

Mkuu, nitumie PM. Kuna mtu Kirehe namfahamu, tulifanya naye kazi mpakani miaka ile. Niandikie hilo jina, mwaka aliokuja, na kijiji chenu. Na kumbuka vizuri lile sikio.